Mume wangu ananunua kadi za wachezaji, nyumba ya Tanga imesimama kwenye lenta

Bi. Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu tulipohamia Columbus, jimbo la Ohio. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Huondoka Jumapili jioni na kurudi Ijumaa. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya asubuhi. Sina malalamiko juu ya tabia yake: hanywi pombe, hakosi swala, na tangu tuoane hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Kinachonikosesha usingizi ni kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu.

Jambo hili lilianza miaka miwili iliyopita, pale mwanetu wa kwanza, Salim, ambaye sasa ana miaka 11, alipokuja na kadi tatu alizobadilishana na wenzake shuleni. Baba yake akampeleka dukani akamnunulia pakiti moja, kisha nyingine, na katika pakiti ya tatu au ya nne wakatoa kadi ya yule kijana mrefu wa San Antonio, Wembanyama, yenye rangi ambayo waliniambia ni adimu. Waliiuza mtandaoni kwa dola 640. Walirukaruka sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga dari. Tangu siku ile sijaona tena mwezi ambao posta haikuleta kifurushi.

Mwezi uliopita nilipata taarifa ya benki ambayo kwa kawaida huisoma yeye. Nilikaa na kalamu nikajumlisha: kwa muda wa miezi 14 zimetumika dola 9,380. Baadhi ya malipo yamefanyika saa saba na saa nane za usiku, nyakati ambazo najua ameegesha lori mahali pa kupumzikia. Bi. Mshauri, tuna nyumba Tanga ambayo imefungwa lenta tangu mwaka juzi na haijapauliwa. Fundi amenitumia hesabu ya mbao na mabati mara tatu, na mara zote tatu nimemwambia asubiri kwa sababu mambo huku ni magumu. Kumbe mambo hayakuwa magumu. Yalikuwa yamo ndani ya masanduku chini ya kitanda.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kwamba ile ni akiba ya Salim, kwamba kadi hupanda bei kama viwanja, na kwamba ipo kadi moja iliyouzwa kwa zaidi ya dola milioni 12. Nilipozidi kumbana, akaniuliza kuhusu sanduku langu la kanga. Ni kweli ninalo, lina doti zaidi ya arobaini, na nyingine sijazikata wala kuzipinda. Lakini kanga ni vazi, na bei ya doti moja haiwezi kumzuia fundi kupaua. Mama mkwe, niliyemgusia habari hii kwenye simu, amesema moja kwa moja kwamba hiyo ni kamari, na tangu hapo mume wangu hazungumzi nami vizuri.

Naomba unisaidie kuelewa mambo mawili. Kwanza, ni nini hasa kinachomfanya mtu mzima mwenye akili zake atoe fedha nyingi namna hii kwa vipande vya karatasi ngumu? Pili, nifanye nini bila kuvunja nyumba yangu na bila kumvunja moyo mtoto? Mwezi ujao kuna maonyesho ya kadi hapa mjini, na Salim anahesabu siku.

Mama Salim, Columbus, Ohio

*

Mama Salim, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani nitakujibu kuhusu mume anayeficha matumizi. Mara ya pili nikaona kwamba swali lako la kwanza, ambalo pengine uliliuliza kwa hasira tu, ndilo litakaloamua namna ya kulishughulikia la pili. Kwa hiyo nivumilie nianze na hizo karatasi, nikiwa mtu ambaye naye alilazimika kujifunza habari zake ukubwani kwa sababu ya mjukuu.

Kadi za wachezaji si uzushi wa jana. Katika karne ya kumi na tisa kampuni za tumbaku za Marekani zilikuwa zikiweka kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike, na mtu mmoja mwenye akili ya biashara akaona kwamba kipande kile kikichapishwa picha, mnunuzi atarudi kutafuta picha nyingine. Kati ya mwaka 1909 na 1911 ilitoka seti ambayo ndani yake alikuwemo Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh. Wagner alikataa picha yake iendelee kutumika. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema hakulipwa. Uchapishaji ukasimamishwa, na leo zinazojulikana kuwepo ni chache, kiasi cha hamsini au sitini hivi. Mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Hakuna aliyelipa fedha hizo kwa ajili ya karatasi. Amelipa kwa sababu mchezaji alisema hapana, zikabaki chache, na watu wa kutosha wanaijua hadithi hiyo.

Kadi ya dola milioni 12 ambayo Baba Salim alikutajia huenda ni ile ya Mickey Mantle, mchezaji mwingine wa besiboli, iliyochapishwa na kampuni ya Topps ya Brooklyn mwaka 1952 na kuuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. (Iko pia ya Michael Jordan na Kobe Bryant kwa pamoja, ya pekee duniani, iliyofika takriban milioni 12.9 mwezi Agosti 2025.) Sasa sikiliza kilichozitokea kadi za 1952. Kundi la mwisho, lenye Mantle, lilitoka msimu ukiwa unakwisha, watoto wakiwa wamehamisha macho kwenye mpira wa Kimarekani, na maboksi yakabaki ghalani. Mwaka 1960 Sy Berger, mmoja wa waliozibuni kadi hizo, alisimamia kupakiwa kwa shehena iliyobaki kwenye tishari, ikaenda kumwagwa baharini. Hakuna aliyezitaka hata bure. Zile zilizokwisha kuingia majumbani zilichezewa, zilibanwa kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio, na mwishowe akina mama walizitupa vijana walipokwenda jeshini au chuoni. Wakusanyaji wenyewe hutania kwamba bei ya kadi za zamani waliipandisha mama zao. Nakuomba tu usiichukue habari hii kama ushauri wa kutupa chochote.

Nimelirefusha jambo hili kwa sababu ndimo lilimo jibu la dai la akiba. Kadi ya Mantle ina thamani kwa kuwa hakuna aliyeiweka akiba. Kwenye miaka ya themanini, magazeti ya Marekani yalipoanza kuandika bei za kadi za kale, familia nzima nzima ziliamua kwamba safari hii hawatatupa kitu: walinunua maboksi, wakayafunga kwa plastiki, wakayaweka juu ya kabati yasubiri ada ya chuo kikuu. Kampuni nazo ziliona kiu hiyo zikachapisha kwa mabilioni. Wakusanyaji wanakiita kipindi hicho, cha mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa miaka ya tisini, zama za kadi takataka. Wapo watu leo wenye umri wangu ambao gereji zao zimejaa maboksi hayo, na wakiyapeleka dukani, mwenye duka huwaomba radhi. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi kwa uangalifu hakina namna ya kuwa adimu.

Yapo yaliyopanda, sikatai. Aliyenunua ile Mantle mwaka 1991 kwa dola 50,000 hakupata hasara. Lakini angalia pia upande wa pili. Kadi ya Michael Jordan ya mwaka 1986, ya kampuni ya Fleer, ikiwa imepewa alama kumi kwa kumi na wapimaji, yaani kampuni zinazokagua hali ya kadi, iliuzwa Januari 2021 kwa dola 738,000. Wakati huo dunia ilikuwa imefungiwa ndani kwa korona na watu walikuwa wakitafuta pa kuweka fedha. Wapimaji wa PSA, mojawapo ya kampuni hizo, walizidiwa hadi wakasimamisha kupokea kadi za huduma za bei nafuu, na maduka ya Target yaliacha kwa muda kuziuza baada ya watu kugombana kwenye maegesho. Haikupita miaka miwili, kadi ya Jordan ya alama ile ile ikawa inauzwa kwa chini ya theluthi ya bei hiyo. Kiwanja cha Tanga, hata ukikikatia tamaa, hakiendi hivyo.

Na kwa kuwa wewe na mumeo ni Watanzania, nitakupa mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2009 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, aliyechaguliwa wa pili alikuwa kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, aliyekwenda Memphis. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa kijana mwembamba ambaye wengi walidhani mwili wake hautahimili ligi, jina lake Stephen Curry. Mtu aliyenunua kadi za msimu wao wa kwanza kwa kufuata hesabu za wataalamu wa siku zile angejaza sanduku kwa Thabeet kabla ya kumfikiria Curry. Thabeet alicheza misimu mitano, na kadi yake leo unaipata kwa dola chache. Kadi bora za Curry za mwaka ule ule zinanunua nyumba. Waliokosea hawakuwa wajinga. Makocha na wasaka vipaji wanaolipwa kwa kazi hiyo tu walikosea pamoja nao, na Baba Salim, anayetazama mchezo kwenye simu akiwa ameegesha lori, hawezi kudai kwamba macho yake ni makali kuliko yao.

Kwa hiyo, kama ni akiba, ni akiba mbaya, na unaweza kumwambia hivyo bila kumtukana. Hata zile dola 640 hazikufika zote mfukoni: soko la mtandaoni hukata takriban asilimia 13, halafu kuna posta, na faida ya vitu vya mkusanyo ina kodi yake, ambayo kwa serikali kuu ya Marekani inaweza kufika asilimia 28 kwa vilivyowekwa zaidi ya mwaka. Mtu anayezihesabu 640 bila kuzitoa hizo, na bila kuzitoa bei za pakiti zote zilizotoka tupu, anajidanganya kwa hesabu ambayo barabarani, kwenye mafuta na mizani, asingethubutu kuifanya.

Lakini mimi siamini kwamba Baba Salim ananunua kadi kwa sababu ya akiba. Neno akiba ni lile ambalo mtu mzima hulitafuta anapoulizwa, kwa kuwa ni aibu kusema kwamba anapenda. Hebu tutazame anachokipenda, maana ni zaidi ya kitu kimoja, na si vyote vibaya.

Cha kwanza umekiandika mwenyewe bila kukiona: walirukaruka sebuleni. Huyu ni baba ambaye siku tano kati ya saba hayupo nyumbani, na ambaye mwanawe anakulia katika nchi ambayo baba hakukulia. Michezo aliyocheza utotoni, ya kukusanya vizibo vya soda na kutengeneza magari ya waya, haina nafasi katika ghorofa ya Columbus. Kadi zimempa lugha. Akimpigia simu Salim kutoka Nebraska hana haja ya kuuliza “shule vipi” na kujibiwa “nzuri”; anauliza nani kafunga pointi ngapi jana, na mtoto anazungumza nusu saa. Nimemsindikiza mjukuu wangu kwenye maduka hayo, na nimeona jambo jingine: mgeni mwenye lafudhi nzito anayeingia na kadi nzuri mkononi haulizwi ametoka wapi, anaulizwa “una nani?” Kwa mwanamume ambaye kazini ni namba ya lori, hilo lina uzito wake.

Cha pili ni umiliki wenyewe. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya, ambapo katika mojawapo baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell walipewa vikombe vya kawaida na wengine hawakupewa. Waliopewa, walipoulizwa wangeuza kwa bei gani, walitaja bei inayofikia takriban maradufu ya ile ambayo wasiopewa walikuwa tayari kulipa, na vikombe walikuwa wamekaa navyo muda mfupi tu. Ndiyo maana thamani ya kile kilicho chini ya kitanda, ukimuuliza mwenyewe, itakuwa kubwa, na ukimuuliza mwenye duka itakuwa ndogo, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa anasema uongo.

Hapa niruhusu niguse sanduku lako la kanga, maana mumeo hakukosea sana kulitaja. Unazo doti arobaini, huzivai zote, na nina hakika ukifunguliwa sanduku unaweza kusema kila moja uliipata wapi, nani alikupa, na jina lake lilikuwa linamjibu nani. Anayekuona kutoka nje ataona pamba iliyochapwa. Hivyo ndivyo mkusanyaji halisi anavyoziona kadi zake, na ukilikubali hilo mbele ya Baba Salim utakuwa umefungua mlango ambao hasira zisingeufungua. Lakini ipo tofauti, na ndiyo ninayotaka uishike kuliko yote niliyoandika mpaka sasa. Ulipokwenda kununua kanga, mwenye duka alikukunjulia. Uliiona rangi, uliusoma msemo, ulijua bei, ndipo ukatoa fedha. Je, ungenunua doti iliyofungwa ndani ya mfuko mweusi, kwa bei mara kumi, kwa sababu katika mifuko mia moja mmoja una kanga ya hariri?

Mfuko huo mweusi ndio pakiti. Kadi za wachezaji zinauzwa kwa njia mbili, na watu wasiozijua huzichanganya. Unaweza kununua kadi moja uliyoichagua, umeiona mbele na nyuma, mara nyingi ikiwa imefungwa katika kasha gumu la plastiki lenye alama ya mpimaji. Bei yake inajulikana, na mara nyingi ni ya kawaida kabisa. Au unaweza kununua boksi lililofungwa, ambalo kwa aina zinazotafutwa huuzwa kwa mamia ya dola, na ambalo mara nyingi kilichomo ndani, ukikiuza kimoja kimoja, hakirudishi nusu ya ulichotoa. Siku hizi kuna njia ya tatu, ambayo wenyewe huiita breki: muuzaji anafungua maboksi mbele ya kamera usiku, watazamaji wamekwisha kununua kila mmoja timu yake, na kila kadi inayotoka inamwendea mwenye timu. Unaweza kulipa dola 80 kwa ajili ya timu ya San Antonio na usipate hata kadi moja. Zile saa saba na saa nane za usiku ulizoziona kwenye taarifa ya benki zinanifanya nishuku hili kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu duka la kawaida saa hizo limelala.

Kinachouzwa hapo ni kufungua. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha zamani kwamba njiwa anayepewa punje kwa namna isiyotabirika, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya hamsini, hudonoa bila kuchoka, na huendelea muda mrefu hata punje zikikatizwa. Mwili wa binadamu hauko mbali sana na huo wa njiwa. Pakiti ya tatu au ya nne iliyotoa Wembanyama ilimfanyia mumeo kile ambacho pakiti mia tupu zisingeweza kukifuta, na laiti ingetoka tupu, huenda leo usingeniandikia. Dereva aliye peke yake katika maegesho, asiye na wa kuzungumza naye, akisikia jina lake likitajwa na muuzaji kwenye simu na wenzake mia wakimpongeza, anapata kwa dakika mbili kitu ambacho barabara haimpi.

Mama mkwe wako amesema ni kamari. Hukumu ya dini mpelekeeni sheikh wenu, nami sitaingia hapo, lakini mkimwendea, mwelezeni njia hizi kwa kuzitenganisha, kwa sababu kuuliza “kadi ni halali?” na kuuliza “kununua mfuko usiojulikana kilichomo ni halali?” ni maswali tofauti, na mkiuliza la kwanza mtapata jibu la kitu kingine. Ninachoweza kusema mimi ni kwamba neno lile, likipita kwenye simu kutoka Tanga likiwa limetoka kwako, lilimfikia mumeo kama mashitaka. Anza kwa kumwomba radhi kwa hilo tu, kwa kulipeleka nje kabla ya kulimaliza ndani. Kuhusu fedha usiombe radhi.

Kisha chagua Jumamosi, si Ijumaa anapoingia amechoka, watoto wakiwa hawapo. Weka ile taarifa ya benki mezani na umuulize swali moja: katika hizi 9,380, ngapi zilinunua kadi ulizoziona kabla ya kulipa, na ngapi zilinunua maboksi na breki? Mpe kalamu ahesabu yeye. Usimsaidie na usimkemee akiwa anahesabu. Sijui atapata nini, lakini jumla ya upande wa pili ikitoka kalamuni mwake itamwingia kuliko ikitoka mdomoni mwako, na ndiyo fedha unayogombana nayo.

Baada ya hapo muombe jambo moja lenye mpaka ulio wazi: maboksi na breki viishe, kadi moja moja ziendelee, kwa kiasi cha mwezi mtakachokubaliana, kikiwa ni taslimu au akaunti yake ndogo isiyoshikana na ya familia. Kama ni dola 60, ni 60. Kwa fedha hiyo mkusanyaji mwenye subira anapata vitu vizuri sana, na wala hatakuwa amenyimwa furaha ya kutafuta, kulinganisha, kungoja bei ishuke, na kubishana na Salim juu ya ipi inunuliwe. Mkubaliane pia kwamba bei yoyote itakayotajwa nyumbani iwe ile ambayo kadi kama hiyo imekwisha kuuzwa, kwa kuwa masoko ya mtandaoni huonyesha mauzo yaliyokamilika. Ile ambayo muuzaji ameiandika juu yake kwa matumaini msiihesabu.

Kuhusu zilizo chini ya kitanda, msiuze zote. Yeye na Salim wachague wanazozipenda, hata kama ni za senti hamsini, na zinazobaki ziuzwe polepole, fedha ziende kwenye mabati. Hazitarudisha 9,380, jiandae kwa hilo mapema usije ukalia upya. Salim aambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wake, kwamba baba na mama wamepanga fedha za kadi na za nyumba ya Tanga ziwe mbali mbali. Asiambiwe kwamba ile ilikuwa akiba yake na sasa haipo.

Lipo jambo moja ambalo likitokea, yote haya hayatatosha. Akikubali mpaka kisha ukaona malipo mapya usiku, au akakopa, au akaanza kupokelea vifurushi kwa rafiki, au akakwambia anahitaji boksi moja tu kurudisha kilichopotea, basi hilo limekuwa tatizo la kamari kwa maana ya kitabibu, hata kama ndani ya boksi kuna picha za mpira wa kikapu. Ohio ina simu ya bure ya kuwasaidia watu wa namna hiyo na familia zao, na mwenzi anaruhusiwa kupiga hata kama mhusika mwenyewe hataki. Usisubiri mwaka mwingine.

Fundi mpigie leo. Usimwambie tena kwamba mambo ni magumu. Mwambie mwezi ambao utaanza kumtumia fedha za mbao, hata kama ni kidogo kidogo, ili mwenye kungoja ajue anangoja nini.

Na maonyesho ya mwezi ujao, waache waende, na wewe nenda nao. Mpe Salim dola 20 mkononi, kwa sharti kwamba hanunui chochote kilichofungwa, na umtazame atakavyozunguka meza zote mara tatu kabla ya kuamua. Utaona masanduku marefu ya karatasi yaliyojaa kadi za dola moja moja, ambayo wakubwa huyapita bila kuyatazama. Chutameni hapo. Mkimkuta Thabeet akiwa na jezi ya Memphis, nichukulieni mmoja, nami nitawarudishia dola yenu.